Washairi wa Kansas: Kitovu, Malezi na Lugha

Kila jimbo la Marekani lina orodha ya watu wake mashuhuri, waliozaliwa humo au walioishi humo. Kansas, jimbo la nyanda na ngano lililo katikati ya nchi hiyo, humtaja rubani Amelia Earhart, aliyezaliwa Atchison mwaka 1897, na Rais Dwight Eisenhower, aliyezaliwa Texas akakulia Abilene. Mpenzi wa ushairi akiipitia orodha hiyo huwakuta pia washairi weusi wanne ambao kila mmoja alifungamana na Kansas kwa njia yake. Hapo ndipo linapozuka swali linalotuhusu sisi watu wa lugha: mshairi ni wa wapi? Ni wa pale kilipozikwa kitovu chake, pale alipolelewa, au ni wa lugha aliyoitungia?

Tuanze na Gwendolyn Brooks. Alizaliwa Topeka, makao makuu ya Kansas, tarehe 7 Juni 1917. Hakukaa. Alikuwa na umri wa wiki chache tu familia yake ilipohamia Chicago, na Chicago ndiyo iliyomlea. Kitabu chake cha kwanza, A Street in Bronzeville cha mwaka 1945, kinazungumzia mtaa wa watu weusi wa mji huo. Mwaka 1950, kwa diwani yake Annie Allen, akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer. Kansas inamdai kwa haki ya kitovu, lakini mishororo yake haina vumbi la nyanda. Waliosema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, wangeikabidhi Chicago mtoto huyu bila kusita.

Langston Hughes ni kinyume chake. Alizaliwa Joplin, jimbo la Missouri, lakini sehemu kubwa ya utoto wake aliishi Lawrence, Kansas, mikononi mwa bibi yake, Mary Langston. Bibi huyu hakuwa mtu wa hivihivi. Mume wake wa kwanza, Lewis Sheridan Leary, aliuawa Harpers Ferry mwezi Oktoba 1859, akiwa katika kikosi cha John Brown kilichovamia ghala la silaha kwa nia ya kuwakomboa watumwa. Brown naye alikuwa amepigana Kansas miaka michache kabla, wakati wakaazi walipokuwa wakimwaga damu kuamua kama eneo hilo liwe la utumwa au la uhuru. Kansas iliingia katika Muungano tarehe 29 Januari 1861 ikiwa jimbo lisilo na utumwa. Basi hadithi ambazo mjukuu alizisikia kwa bibi yake zilikuwa historia ya jimbo na historia ya ukoo kwa pamoja. Bibi alifariki mwaka 1915, na kijana akaondoka. Lakini riwaya yake ya kwanza, Not Without Laughter ya mwaka 1930, aliiweka katika mji wa kubuni wa Kansas.

Lawrence ilimpa jambo jingine, nalo ni kubwa zaidi kwa mtunzi. Katika tawasifu yake Hughes anaeleza kwamba shairi lake maarufu, The Weary Blues, limebeba ubeti wa blues wa kwanza aliowahi kuusikia, naye aliusikia Lawrence akiwa mtoto. Umbo la ubeti huo halitamshangaza malenga wa Kiswahili. Una mishororo mitatu: wa kwanza husema, wa pili hurudia, wa tatu hujibu. Marudio hayo humpa mwimbaji nafasi ya kufikiri na msikilizaji nafasi ya kungoja, kama vile kibwagizo kinavyofanya kwetu. Hughes aliliingiza umbo hili la wimbo wa wachovu katika ushairi ulioandikwa, na wapo wasomi weusi waliomlaumu kwa kuonyesha hadharani usemi wa watu wa chini. Yeye hakuuacha.

Claude McKay, mzaliwa wa Jamaika, alipitia Kansas akielekea upande mwingine. Mwaka 1912 alikuwa amechapisha Songs of Jamaica, mashairi katika lahaja ya kwao. Mwaka huohuo akaenda Marekani kusoma, na muda si mrefu akawa mwanafunzi wa kilimo katika chuo cha jimbo huko Manhattan, Kansas. Mwaka 1914 alihamia New York, na mashairi yaliyomjengea jina huko aliyatunga kwa Kiingereza sanifu, mengi yakiwa soneti za mishororo 14. Frank Marshall Davis, mzaliwa wa Arkansas City, Kansas, alisomea uandishi wa habari katika chuo hichohicho, akatoa Black Man's Verse mwaka 1935, kisha akahamia Hawaii mwaka 1948.

Njia ya Hughes ilimfikisha hadi kwetu. Mwezi Juni 1962 alikuwa miongoni mwa wageni wa mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere, Kampala. Mkutano huo ulikuwa wa waandishi wanaotumia Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyehudhuria akiwa bado mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache, alikumbusha baadaye kwamba sharti hilo lilimfungia mlango Shaaban Robert, mtunzi wa Kusadikika na mshairi mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki wakati huo. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo. Mtu aliyejifunza Lawrence kwamba usemi wa wavuja jasho unaweza kubeba ushairi alikaa kwenye meza ambayo usemi wa mamilioni ya Waafrika Mashariki haukuhesabiwa kuwa tiketi ya kuingilia.

Ndiyo maana naona orodha za kitovu hazitoshi. Zingetuambia kwamba Brooks ni wa Kansas na Hughes si wa Kansas, ilhali kazi zao zinasema kinyume. Nasi tunapoandika habari za malenga wetu, tusiridhike na kutaja kijiji na mwaka wa kuzaliwa. Tuulize nani alimsimulia hadithi, wimbo gani aliusikia kwanza, na ni lugha gani aliichagua alipokuwa na uwezo wa kuchagua nyingine. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, na Tanga ina haki ya kujivunia. Lakini kila anayekisoma Kiswahili ana haki hiyohiyo, maana alichagua kukitungia wakati ambapo kuchagua hivyo kulimgharimu kiti.