Dawati Moja Vilimani: Shule za Watoto wa Masikini Gitega na Muyinga

Shule za mwanzo katika nyanda za kati za Burundi zilianzia misheni. Mapadre Weupe walijenga kituo cha Mugera, katika eneo la Gitega, mwaka 1899. Wamisionari Waquaker kutoka Marekani wakafungua kituo chao Kibimba mwaka 1934. Elimu ya juu ilikuwa ya wachache, hasa watoto wa machifu waliopelekwa Astrida, nchini Rwanda. Mtoto wa mkulima, awe wa Gitega au wa Muyinga karibu na mpaka wa Tanganyika, alichunga mbuzi na kuchota maji. Akibahatika, alijifunza kusoma Kirundi kupitia katekisimu.

Kwa watoto hao palikuwa na Yaga Mukama, masomo ya Kanisa Katoliki ya siku chache kwa juma. Hayakutoa cheti, lakini yaliwakutanisha watoto ambao darasa la serikali halikuwafikia. Serikali ya Rais Jean-Baptiste Bagaza iliyafunga katika miaka ya 1980 ilipogombana na Kanisa.

Wakati huo hofu ilikuwa imekwisha kuingia madarasani. Mwaka 1972 Wahutu waliosoma, wakiwemo wanafunzi wa sekondari, walikamatwa na kuuawa, na kwa miaka mingi baadaye wazazi wengi Wahutu waliona shule ni hatari kwa wanao. Umasikini ulimzuia mtoto mlangoni. Siasa ikamfuata hata aliyefanikiwa kuingia.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa. Siku hiyo wanafunzi wa Kibimba, wengi wao Watutsi, walichomwa moto na watu waliowafahamu, wakiwa hai ndani ya jengo la kituo cha mafuta. Filamu Petit Pays ya Éric Barbier (2020), iliyotokana na riwaya ya Gaël Faye, inasimulia majira hayohayo kupitia wavulana wa Bujumbura ambao urafiki wao unavunjika. Ni kazi nzuri, ila Gaby, shujaa wake, anatoka nyumba yenye gari na mpishi. Watoto wa vilimani waliingia katika vita vilivyofuata mauaji ya Ndadaye wakiwa hawana hata viatu. Huko Kibimba kwenyewe Waquaker waliunda kamati ya amani, na shule ikafunguliwa tena kwa watoto wa Wahutu na wa Watutsi.

Mwaka 2005 Rais Pierre Nkurunziza alifuta ada ya shule ya msingi. Darasa la kwanza lilifurika nchi nzima, na shule nyingi zikalazimika kufundisha kwa zamu, asubuhi na alasiri. Sare na daftari zilibaki mzigo wa mzazi.

Muyinga ilipata maktaba mwaka 2012, hatua ya kwanza ya shule ya watoto viziwi. Kuta ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, na paa ni la vigae vya kuchoma. Juu ya chumba umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani, na watoto hupanda humo na kujilaza bega kwa bega wakisoma. Katika historia yote ya shule za eneo hilo, ni majengo machache yaliyojengwa kwa kumfikiria kwanza mtoto asiye na kitu.