Akiba ya Maziwa

Waswahili husema kwamba akiba haiozi. Lakini maziwa, yaliyo tunu ya mfugaji, huanza kuharibika siku ile ile yakamwapo. Wakati wa mvua malisho ni tele na maziwa yazidi haja ya nyumba. Wakati wa kiangazi viwele hukauka na watoto hulia. Basi yawekwe vipi maziwa ya leo yapate kunyweka majuma yajayo, pasipo barafu wala umeme? Wafugaji wa nchi nyingi walipata jawabu moja: maziwa yaachwe yachachuke, lakini kwa utaratibu.

Pwani maziwa ya namna hii huitwa mabivu, na bara huitwa mgando au lala. Jina la kwanza lina mafundisho ndani yake: maziwa mabivu si maziwa yaliyooza, bali yaliyofikia ukomavu wake, kama embe lililoiva mtini.

Tutazame wafanyavyo Wakalenjin wa Bonde la Ufa, nchini Kenya, ambao maziwa yao huitwa mursik. Kibuyu hutolewa mbegu, kikaoshwa, kikakaushwa. Mama wa nyumba huchoma tawi la mti uitwao senetwet, akatia kaa lake ndani ya kibuyu, akalisaga kwa kijiti hata kuta zote zikaenea weusi; unga uliozidi hukung'utwa. Kisha maziwa humiminwa, kifuniko kikakazwa, na kibuyu huwekwa kivulini siku kadhaa, pengine majuma. Mkaa huyapa maziwa harufu nzuri na rangi ya kijivu, nao huzuia vijidudu viovu. Vijidudu vyema husalia katika vitundu vya ganda, vikaigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Na ukali huo ndio mlinzi wa akiba.

Vitabu vya elimu hii huwataja watu wengine. Mwaka 1857 Louis Pasteur alionyesha kwamba maziwa huchachuka kwa kazi ya viumbe hai. Mwaka 1905, mjini Geneva, Mbulgaria Stamen Grigorov alikitambua kijidudu cha mtindi wa kwao, na Ilya Metchnikoff wa Paris akausifu mtindi huo kuwa warefusha maisha. Mwaka 1919 Isaac Carasso alianza kuutengeneza Barcelona, ukauzwa katika maduka ya dawa. Hayo ni ya kusifiwa. Lakini kazi iliyochunguzwa na mabwana hao ilikuwa imekwisha fanywa karne nyingi na wanawake ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Hata hivyo tusiwatukuze wazee kwa kufumba macho. Mwaka ule ule wa 1905, kisiwani Malta, Themistocles Zammit aligundua kwamba homa iliyowasumbua watu huko ilitoka katika maziwa mabichi ya mbuzi. Homa hiyo, pamoja na kifua kikuu cha ng'ombe, yaweza kumfikia mnywaji hata leo, na uchachu peke yake si kinga ya kutegemewa. Kwa hiyo yafaa maziwa yachemshwe kwanza, yaachwe yapoe, ndipo yatiwe kibuyuni.

Lakini hapa ndipo elimu mpya inapoihitaji ile ya kale. Moto uuao vijidudu viovu huwaua na vyema. Maziwa yaliyochemshwa yakiachwa hivi hivi huweza kuoza badala ya kuiva. Yahitaji kibuyu kilichozoea maziwa, au kijiko cha mgando wa jana. Siku hizi katika nyumba nyingi dumu la plastiki limeshika mahali pa kibuyu, na msichana aliyesoma habari za Pasteur huenda hajapata kumwona bibi yake akisaga kaa. Heri amwendee angali hai, amwulize mti gani, kaa kiasi gani, na siku ngapi. Maana majibu ya maswali hayo hayamo vitabuni mwake.