Uvimbe wa Taya kwa Mtoto: Ulivyotambuliwa

Leo turudi mwaka wa 1957, hospitali ya Mulago, Kampala. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Jipu haliji hivyo! Baada ya majuma machache, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine, huyu amevimba taya na tumbo pia. Akaanza kupekua faili za wagonjwa.

Mwaka wa 1961, yeye na madaktari wawili walifunga safari ya gari hadi Afrika Kusini, kama kilomita 16,000 kwa jumla, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Waligundua kwamba ugonjwa huu hupenda sehemu za joto na mvua, kule kule kwenye malaria. Ndiyo maana hapa Kenya huonekana zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani.

Kisu hakikufaa. Mtoto alikatwa taya, uvimbe ukarudi. Dawa za saratani ndizo zilizofaulu, na Nairobi ni mojawapo ya mahali zilipojaribiwa miaka ya sitini.

Basi mama, taya likivimba na meno kulegea kabla ya wakati wake, usikimbilie kuyang'oa. Uvimbe huu hukua upesi mno. Mpeleke hospitali kubwa, wachukue kipande kidogo cha nyama kipimwe kwa darubini. Na matibabu yakianza, usiyakatize eti kwa kuwa uso umepona. Uso hupona kwanza, ugonjwa ukiwa bado mwilini.