Kikombe kimoja cha maji: historia ya ile kona iliyo chini ya sinki

Nimekuwa kimya wiki tatu nzima na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Hapana. Nilikuwa napigana na harufu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtoto wa pili alipozaliwa, meza yangu ya kazi ilifukuzwa sebuleni. Ikabidi nihamie kile chumba cha uani ambacho zamani kilikuwa cha mfanyakazi. Ni chumba kidogo chenye bafu pembeni, sinki, na tundu la sakafuni la kutolea maji. Nikapaka rangi, nikapigilia rafu, nikavuta waya wa intaneti kutoka nyumba kubwa. Nikaringa kidogo. Wiki ya pili, kila nikiketi kuandika programu, inanijia harufu ya choo cha kituo cha basi. Fundi wa kwanza akachungulia, akatikisa kichwa, akasema bomba la chini limepasuka na sakafu lazima ibomolewe. Bei aliyotaja ingeninunulia kompyuta nyingine.

Sisi watu wa programu tukiambiwa "futa yote uanze upya" huwa tunasita. Nikamwomba siku mbili, kisha nikaanza kusoma. Nilichosoma ni historia ya kitu ambacho kila mmoja wenu anacho nyumbani na huenda hajawahi kukitazama, yaani ile kona ya bomba chini ya sinki ambayo mafundi huiita trapu.

Choo cha kuvuta kwa maji ni cha zamani kuliko nilivyodhani. Mwingereza John Harington alikieleza katika kitabu mwaka 1596, na yeye alikuwa mtoto wa ubatizo wa Malkia Elizabeth I. (Msidhani huku kwetu watu walikuwa wakikimbilia vichakani tu. Nendeni Gedi, karibu na Malindi, mkaone vyoo vya shimo vilivyojengwa ndani ya nyumba za mawe kabla ya Harington kuzaliwa.) Lakini choo cha Harington kilikuwa na kasoro moja kubwa: uchafu ulishuka, hewa ikapanda. Bomba ni njia ya pande mbili. Likishaunganishwa na shimo la maji taka, umeiunganisha pia pua yako.

Aliyeziba njia hiyo hakuwa fundi wa bomba. Alikuwa fundi wa saa, Mskoti aitwaye Alexander Cumming aliyefanya kazi London. Mwaka 1775 alipata hataza ya choo ambacho bomba lake limepindwa kama herufi S. Maji ya mwisho ya kila mvuto yanabaki kwenye kona na kuwa kizibo. Uchafu unapita, hewa haipiti. Hakuna mlango wala springi kwenye hiyo kona. Ni maji tu, kina cha vidole vichache. Vali aliyoiweka juu yake ilisumbua, na Joseph Bramah akaja na iliyo bora mwaka 1778, lakini kona imebaki mpaka leo.

Sasa hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Ulinzi wote huo unategemea maji kukaa pale yalipo. Historia iliyofuata, kwa karibu miaka 250, ni ya watu kugundua kwamba maji hayakai.

London ya karne ya 19 ilinunua vyoo vya kuvuta kwa pupa, ikavielekeza kwenye mitaro, na mitaro ikaishia mto Thames. Kiangazi cha 1858 mto ulinuka kiasi kwamba mapazia ya Bunge yalichovywa kwenye dawa ya klorini ili wabunge waweze kukaa. Haraka haraka fedha zikapatikana (wabunge ni wale wale kila mahali, shida ikifika puani kwao inatatuliwa), na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mitaro mikuu ya zaidi ya kilomita 130. Daktari John Snow, aliyekuwa ameonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu hutoka kwenye maji ya kunywa na si kwenye harufu, alifariki Juni ile ile ya uvundo bila kuaminiwa na wengi.

Mtaro mkubwa ulisaidia jiji, lakini ndani ya nyumba kulikuwa na tatizo jingine. Ukivuta choo cha juu, maji yanashuka kwa kishindo na kufyonza hewa nyuma yake. Kama hakuna pahali pengine pa kuvuta hewa, inavutwa kupitia trapu ya jirani, na maji yake yanaondoka nayo. Trapu ipo, imefungwa vizuri, lakini ni tupu.

Mwaka 1871 mrithi wa kiti cha Uingereza, Mwanamfalme wa Wales, alilala mgeni katika nyumba moja ya kifahari huko Scarborough, akapata homa ya matumbo, akakaribia kufa. Mgeni mwenzake, Earl wa Chesterfield, alikufa. Lawama zikaangukia hewa ya mitaro, na matajiri wakaanza kuwaita mafundi wakague mabomba yao. Ndipo mafundi wakazidi kulisisitiza bomba la hewa, lile linalopanda mpaka juu ya paa likiwa wazi, ili mabomba yavute hewa kule badala ya kunyonya trapu. S. Stevens Hellyer, fundi wa London, alichapisha kitabu kizima kuhusu mambo haya mwaka 1877.

Kuhusu homa ya matumbo walikosea, maana huenezwa hasa kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Lakini msiwacheke sana. Machi 2003, katika majengo marefu ya Amoy Gardens huko Hong Kong, ugonjwa wa SARS uliwapata wakazi zaidi ya 300. Wachunguzi walikuta matundu ya sakafuni bafuni ambayo watu hawakuyamwagia maji, kwa sababu walizoea kupiga deki tu. Trapu zilikuwa zimekauka. Feni za bafuni zikavuta hewa ya bomba la maji taka kuingia ndani, pamoja na virusi.

Niliposoma hapo nilisimama nikaenda bafuni. Tundu langu la sakafuni halijamwagiwa maji tangu chumba kihamwe. Nikamimina kikombe kimoja. Harufu ikakatika palepale, nikajiona bingwa.

Siku ya tatu ikarudi.

Maji hayakauki kwa siku mbili. Kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kinayanyonya. Nikamwomba mke wangu avute choo cha nyumba kubwa huku nimepiga magoti kwenye lile tundu, nimetega sikio. Glu-glu-glu, na maji yakazama mbele ya macho yangu. Yaani 1871 kabisa. Nikapanda juu ya paa. Bomba la hewa lilikuwa limekatwa na kuzibwa kwa mfuko wa saruji uliokunjwa, kazi ya waliofunga tangi la maji mwaka jana, maana lilikuwa njiani kwao.

Kipande cha bomba, viungo viwili vya kona na gundi: shilingi 1,150. Sakafu ipo.

Ukiwa karibu na sinki, hebu chungulia chini yake. Kama fundi wako amechomeka mpira ule wa mikunjo ukaenda moja kwa moja ukutani bila kushuka na kupanda, huna trapu. Ukunje uwe kama herufi U na uufunge kwa waya. Na kama eneo lenu maji huja kwa zamu, tundu lisilotumika lipe kikombe kila wiki, na ukisafiri ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya maji ili yasikauke haraka.

Kwetu kazi hiyo amepewa kifungua mimba, kila Jumapili. Juzi amedai mshahara.