Sanaa Tatu za Maneno katika Shule za Ufaransa, Karne ya 12

Katika shule za makanisa makuu ya kaskazini mwa Ufaransa, elimu ya karne ya 12 ilijengwa juu ya sanaa tatu zilizoitwa kwa pamoja trivium: sarufi, iliyohusu lugha ya Kilatini na fasihi yake, mantiki, yaani elimu ya kupima hoja, na balagha, yaani ufundi wa kusema kwa ushawishi. Sanaa hizo zilikuwa zana ambazo mwanafunzi alizimiliki kabla ya kuendelea na theolojia, sheria au tiba, na hapo ndipo ilipo thamani yake kubwa.

John wa Salisbury, katika kitabu chake Metalogicon cha mwaka 1159, ameeleza jinsi mwalimu Bernard alivyofundisha sarufi mjini Chartres miaka mingi kabla. Bernard aliwasomea wanafunzi maandishi ya wakale huku akiwaonyesha tamathali za usemi na mpangilio wa hoja, na kesho yake kila mmoja alidaiwa sehemu ya yale aliyoyasikia, wengine wakihimizwa kwa maneno na wengine, kwa bahati mbaya, kwa viboko. Kila siku walitunga nathari na mashairi kwa kuwaiga waandishi hao, kisha wakalinganisha tungo zao. Aliyepachika maneno ya mwingine katika utungo wake alifichuliwa, lakini mara nyingi hakuadhibiwa, bali aliagizwa kwa upole ajifunze kuiga kwa namna iliyo bora.

Mwalimu mwingine, Peter Abelard, alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake Sic et Non alikusanya maswali 158 ya imani, na chini ya kila swali akapanga kauli za mababa wa Kanisa zinazoonekana kupingana, bila kutoa jawabu. Alichowapa wasomaji, katika dibaji, ni kanuni za kuchunguza: kama neno moja limetumika kwa maana mbili, kama mnakili amekosea, kama mwandishi aliibadili kauli yake baadaye. Kazi ya kuamua ilibaki kwao, na ni vigumu kupata katika zama hizo heshima kubwa zaidi kwa akili ya mwanafunzi.

Chuo Kikuu cha Paris kilipochukua sura katika karne ya 13, mazoea hayo ya kupima kauli zinazopingana yalikuwa yamekomaa kuwa disputatio, mjadala rasmi ambamo mwanafunzi aliyefikia hatua ya juu alijibu pingamizi hadharani kabla mwalimu hajatoa uamuzi wake, na mwanafunzi hakupata shahada ya sanaa pasipo kushiriki mijadala ya namna hiyo.