Kazadi Mwamba, golikipa aliyetolewa dakika ya 21

Tarehe 18 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani ya Magharibi, Kazadi Mwamba aliitwa atoke uwanjani. Ilikuwa dakika ya 21 tu, na Yugoslavia ilikuwa imekwisha kuifunga Zaire magoli 3. Golikipa kutolewa bila kuumia ni jambo la nadra, na huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Akiwa na Tout Puissant Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni Mazembe, alibeba kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka 1967 na 1968. Mwaka huohuo wa 1968 Kongo iliifunga Ghana 1-0 kule Addis Ababa na kutwaa Kombe la Afrika, naye Kazadi akatajwa mchezaji bora wa mashindano.

Aliingia Dimbi Tubilandu, kijana mfupi wa Vita Club. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuokota mpira wavuni. Hapohapo Ndaye Mulamba alipewa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake, Ilunga Mwepu. Mchezo ukaisha 9-0.

Nyumbani, watu walimshuku kocha Blagoje Vidinić, kwa kuwa alikuwa Myugoslavia. Tena aliwahi kuwa golikipa mwenyewe, kwa hiyo alijua aibu anayompa Kazadi. Baadaye alieleza kwamba amri ilitoka kwa mjumbe wa wizara. Lakini shida ilianza kabla: wachezaji walikuwa wameambiwa kwamba pesa walizoahidiwa hazipo, wakaingia uwanjani bila moyo. Golikipa gani angeziba pengo hilo?

Siku 4 baadaye Kazadi alirudishwa golini, mbele ya Brazil. Mwepu alisimulia kwamba watu wa Mobutu waliwaonya: wakifungwa 4, wasirudi nyumbani. Brazil nayo ilihitaji ushindi wa magoli 3 ili iipite Scotland. Dakika ya 79, zikiwa 2-0, Valdomiro alipiga shuti dogo, likapita chini ya mwili wa Kazadi. Kosa hilo lilikuwa lake, wala haifai kulificha. Dakika 11 zilizobaki hakuruhusu lingine.

Zaire ilifungwa magoli 14 katika michezo 3: Kazadi 8, Tubilandu 6. Wachezaji wote walirudi kwao.