Mahubiri ya Ndoa na Uzazi katika Jimbo Kuu la Nairobi

Mafundisho ya Kanisa Katoliki kuhusu upendo wa wanandoa na utayari wao wa kupokea watoto yamehubiriwa Nairobi kwa sura mbili, mwaliko na katazo, na katazo ndilo lililosikika zaidi. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Mtakatifu Austin magharibi mwa mji mwaka 1899, walipambana hasa na ndoa ya wake wengi, kwa kuwa jamii walizozikuta zilihesabu watoto kuwa heshima ya ukoo. Mwaka 1967 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi, na tarehe 25 Julai 1968 Papa Paulo VI akatoa Humanae Vitae, ensiklika, yaani barua rasmi ya kipapa, iliyofundisha kwamba tendo la ndoa lina maana mbili zisizotenganishwa, kuwaunganisha wenzi na kupokea uhai, na kwamba wenye sababu nzito za kupanga uzazi wafuate njia ya asili, ambayo ni kutambua siku za rutuba kwa dalili za mwili wa mwanamke na kujizuia siku hizo.

Mwaliko ulifikia kilele Agosti 1985, wiki chache baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake kumalizika jijini humo humo. Kongamano la 43 la Kimataifa la Ekaristi lilibeba mada ya Ekaristi na familia ya Kikristo, na Papa Yohane Paulo II akaadhimisha Misa ya kulifunga katika bustani ya Uhuru Park. Mada hiyo iliweka sadaka ya altareni kuwa kielelezo cha mume na mke wanaojitoa bila kubakiza kitu, nayo ni hoja nzito kuliko katazo lolote.

Mwaka 1996, katika bustani hiyo hiyo, Kardinali Maurice Otunga, mwana wa chifu mwenye wake wengi, aliongoza uchomaji wa maboksi ya kondomu na vijitabu vya kinga dhidi ya Ukimwi. Alitetea imani yake kwa moyo mnyofu. Hata hivyo, moto ule ndio uliobaki vichwani mwa watu, na wengi wakajua Kanisa linakataa nini kabla ya kujua linapenda nini.

Kazi ya mwaliko ilibaki kwa semina za wachumba na jumuiya ndogondogo, vikundi vya majirani wanaosali nyumba kwa nyumba katika mitaa kama Kangemi na Kawangware, ambako swali huwa la karibu zaidi: mahari haijakamilika, kodi ya chumba inadaiwa, na siku za kujizuia mume ataziheshimu? Katika Misa ya tarehe 26 Novemba 2015 Chuo Kikuu cha Nairobi, Papa Fransisko aliwataka waumini wapinge desturi zinazowajaza wanaume kiburi na kuwadhalilisha wanawake. Hapo aligusa kiini, kwa sababu njia ya asili haifuatiki pasipo mume anayemsikiliza mkewe, na padre anayemkumbusha mwanamke wajibu wa kuzaa bila kumdai mumewe heshima hiyo anafundisha nusu tu ya Humanae Vitae.